Kidonge Katika Koti la Watu

Nilijua mume wangu ananidanganya siku nilipookota kifungo kisicho na matundu.

Kazi yangu pale dukani ni kushona vifungo, kupinda mapindo na kusema. Mume wangu anakata na kushona, mimi namalizia. Asubuhi hiyo nilikuwa na shati jeupe la mwalimu mapajani, kimebaki kifungo kimoja cha kola. Nikaingiza mkono kwenye kopo la vifungo vyeupe bila kutazama, nikakishika kimoja, nikakiweka mahali pake na kuchoma sindano. Sindano ikagoma. Nikachoma tena kwa nguvu, kikamomonyoka.

"Ala!" nikasema. "Vifungo gani hivi vya unga?"

Mume wangu akaanza kuendesha cherehani kwa kasi ya ajabu. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Nikalimwaga kopo lote mezani. Vilikuwemo, vimejibanza katikati ya vifungo, vyeupe, vya duara, vingine vimelika kidogo kwa mate. Vidonge vyake vya presha! Kila asubuhi nilimpa kimoja mkononi, akakitia kinywani, akanywa maji, akafuta midomo, akasema "ahsante, bibie." Na kila asubuhi alikuwa amekibana shavuni mpaka nigeuze mgongo. Mtu mzima, ana wajukuu!

"Ni siku nyingi?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Usiniulize nini. Vyote hivi ulitema?"

Akavitazama vilivyotawanyika mezani, akajikuna kidevu. "Si vyote," akasema. "Vingine ni vifungo."

Mtaani wanamwita Chuma. Jina alilipata ujanani, kwa kuwa aliweza kukaa kwenye cherehani kutwa nzima msimu wa sare za shule bila kunyoosha mgongo, na akalipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Sasa chuma kitaumwaje? Siku muuguzi wa zahanati alipomfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akajaza upepo, akatazama, akajaza tena, kisha akaniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye, Chuma aliuliza kama mashine yao nayo huwa inapelekwa kwa fundi.

Mimi sikucheka. Kaka yake alikuwa fundi vilevile, walikaa duka moja, cherehani mbili zikitazamana. Presha ilipomwanza kaka mtu, habari zikatoka nje, na wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja, kwa adabu nyingi. Nani ampe mgonjwa suti ya harusi? Akizidiwa koti likiwa na mkono mmoja, je? Basi akaacha vidonge ili asionekane mgonjwa, akavitupia kwenye droo. Siku moja akainama kukata uzi, hakuinuka tena. Droo niliifungua mimi. Pakiti ya mwisho ilikuwa haijachanwa.

Sikutaka kuwa mjane. Nalisema waziwazi, wala sioni haya: nampenda yule mzee pamoja na ubishi wake wote, na nilikuwa tayari kumlaghai, kumwibia na kumsingizia mambo, ilimradi aendelee kuwa hai. Naye kilichomtisha hakikuwa kifo. Kilichomtisha ni wateja. Aliniapisha kwamba neno presha lisivuke kizingiti cha duka letu. Yule muuguzi alipotupatia kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku za wiki, Chuma alikitia pini. Pini za Jumatatu, pini za Jumanne, mpaka Jumapili.

Baada ya mambo ya kifungo nilikwenda zahanati peke yangu. Yule muuguzi, binti mdogo tu lakini ana akili za bibi yake, alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho.

"Mama," akaniambia, "acha kumkumbusha."

"Nisimkumbushe? Si ndiyo atasahau moja kwa moja?"

"Ukimkumbusha unamfanya mtoto, na mtoto hutema. Wala usije ukamtilia kwenye chai kwa siri. Dawa ni yake, aimeze mwenyewe akijua. Wewe itundike tu kwenye jambo ambalo analifanya kila siku bila kuambiwa na mtu. Chumvi ipungue. Na atembee, asikae kutwa kama mzigo wa mtu."

Nikarudi nyumbani nawaza. Mume wangu anafanya nini kila siku bila kuambiwa? Kupiga mswaki? Hapo afadhali ninyamaze, tumeoana. Chai? Chai hunywa popote inapomkuta. Nikamchunguza kama polisi, mpaka nikajiona mjinga, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote.

Ni mifuko. Chuma ana imani yake kwamba nguo ni mfuko. Kola inaweza kudanganya, anasema, mabega yanaweza kudanganya, lakini mfuko humuumbua fundi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajakaa, kabla hata hajanijibu salamu vizuri, huenda kwenye bomba tunapotundika nguo, hushika ile ya kwanza, hutia vidole mfukoni mpaka pembe za chini kabisa, na kuzisikilizia huku amefumba macho. Hata kama ni suruali ya mtu aliyekuja kupunguza kiuno tu. Wakati fulani alimtia mkono mfukoni mtu aliyesimama mlangoni kuuliza njia. Ilibidi niingilie kati.

Basi jioni, wakati wa kufunga duka, nikachukua mkasi, nikakata kidonge kimoja kwenye pakiti pamoja na karatasi yake ya fedha, nikakifunga kwa kipande cha bitana na kukitumbukiza kwenye mfuko wa nguo ya kwanza. Pembeni ya bomba nikaweka jagi la maji na bilauri. Sikusema kitu.

Asubuhi akaingia, akafumba macho, akatia vidole. Akafumbua macho. Akakitoa kile kifurushi, akakifungua, akanitazama. Mimi nilikuwa natunga uzi, uso wote nimeuzamisha kwenye tundu la sindano. Nikamsikia anamimina maji. Nikamsikia anameza.

"Mfuko huu umeshonwa vizuri," akasema.

"Kaushona nani?"

"Mimi."

"Basi."

Toka hapo hatukulizungumza tena. Sijui kwa nini alikubali, ila nadhani ni kwa sababu hakuna aliyemwamuru. Alikipata mwenyewe akiwa kazini kwake, kwa vidole vyake. Nami sikuwa mjinga wa kuamini hivi hivi. Nilipekua kopo la vifungo, nikapekua kopo la pini, nikamulika mpaka chini ya cherehani. Hakuna kitu. Siku nyingine nilimkalia mbele na kumwambia fungua, inua ulimi, shavu la kushoto, shavu la kulia, naye akafungua huku ananung'unika kama ngamia. Kilikuwa kimeshuka.

Ushindi ukanivimbisha kichwa. Nikaigeukia chumvi. Ile nta tunayopakia uzi usikatike, nikaichukua kidogo nikaziba nayo matundu ya kikopo cha chumvi, nikaacha moja tu. Mezani Chuma alikitikisa kile kikopo juu ya mboga kama anaita watu kwa kengele. "Chumvi za siku hizi hazina nguvu," akalalamika. Nikamwambia hata mimi nimeona.

Kisha baiskeli. Alikuwa hapeleki hata shati nyumba ya tatu bila kupanda baiskeli. Siku moja matairi yakaisha upepo, wala msiniulize yaliishaje, na pampu ikawa haionekani.

"Pampu yangu iko wapi?"

"Si ulimwazima mtu?"

Ana tabia ya kuazima watu vitu na kusahau, kwa hiyo hakubisha. Akatembea. Leo kwa mwalimu, kesho sokoni, keshokutwa mpaka kule juu mlimani kwa wenye nyumba kubwa. Alirudi analaani dunia nzima, lakini alirudi anahema vizuri. Pampu ilikuwa kwa jirani yetu muuza mkaa, chini ya kitanda chake. Tulipokwenda kupima, muuguzi akatazama mashine, akanikonyeza.

Ndipo likaja koti la harusi.

Lilikuwa la kijana mmoja fundi umeme, anamwoa binti wa mkandarasi wa majengo. Koti jeusi, bitana ya hariri, mfuko wa ndani umeshonwa kwa mkono. Chuma alilihangaikia kama yeye ndiye anayeoa. Mkandarasi ni mtu mzito, na nusu ya watu wake wanashona kwetu, na ile nusu nyingine tulikuwa tunaitamani. Jioni ya kuamkia harusi akalitundika koti mbele kabisa kwenye bomba, alipige pasi ya mwisho asubuhi. Wenyewe walisema watalifuata mchana. Nikachukua mkasi wangu, nikakata kidonge, nikakifunga na kukitia mfuko wa ndani. Kosa langu ni kuamini kwamba watu huja saa waliyosema.

Asubuhi nilikwenda sokoni kutafuta mboga. Yaliyotokea nyuma nimeyapata kwa Chuma mwenyewe, kwa kumminya. Amefungua tu mlango, gari likapiga honi nje, akaingia shangazi wa bwana harusi na manukato yake.

"Fundi, koti!"

"Si tulisema mchana, shangazi?"

"Mchana gani? Wakwe wanataka tupite kwao kwanza, wamwone kijana kabla ya kwenda ukumbini. Lete, lete!"

Chuma akaunyoosha mkono kwenye mfuko, kama kawaida yake. Shangazi akaupiga kofi. "Una mafuta ya mashine! Hili ni koti la harusi, si gunia." Akalichomoa kwenye bomba, akalikumbatia, akatoka. Pasi ya mwisho halikupata.

Chuma akabaki na mkono wake unaowasha. Akaiendea nguo iliyofuata, suruali ya mwalimu, akatia vidole. Hakuna kitu. Mfuko wa pili, hakuna kitu. Mngedhani angejiuliza, sivyo? Wapi! Alifurahi. Alidhani nimesahau, akakaa kwenye cherehani anapiga mluzi kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu hayupo.

Nikarudi na kikapu changu. Nikaona bilauri kavu.

"Umekipata?" nikamuuliza.

"Nimekipata."

"Kwenye nguo gani?"

"Suruali ya mwalimu," akasema, hakupepesa hata jicho.

Njia ya mwongo fupi. Nikaweka kikapu chini polepole. "Mimi nilikiweka kwenye koti."

Mluzi ukakatika. Tukatazamana, kisha wote wawili tukalitazama bomba, mahali koti lilipokuwa.

"Mfuko gani?" akauliza.

"Wa ndani."

Mfuko wa ndani ndipo bwana harusi anapoweka leso. Chuma akaruka kwenye baiskeli, akakuta matairi yamelala. "Pampu!" akapiga kelele. "Laiti ningemjua mwizi wa pampu yangu!" Ikabidi niseme. Nikasema haraka haraka huku natazama pembeni. Mume wangu akanikodolea macho. Tukakimbilia kwa muuza mkaa, tukakuta kufuli. Naye kaalikwa harusini.

Basi tukatembea, na nyumba ya mkandarasi iko kule juu mlimani. Haki ya Mungu, aliyetaka kufa siku ile ni mimi. Chuma alipanda kile kilima kama mbuzi, mimi nyuma nimeshika kiuno, kanga inanivuka.

"Twende, bibie," akanigeukia. "Kutembea ni dawa."

Ningekuwa na pumzi ningemtukana. Tulipofika nusu ya njia akapunguza mwendo, nikamwona uso wake umebadilika.

"Wakikiona watauliza ni cha nani," akasema.

"Nitasema ni changu. Kilinidondoka nikishona bitana."

"Utasema hivyo?"

"Nitasema. Mshona vifungo akiumwa, nani atakuja kuchukua kitambaa chake?"

Niliyaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Iliniuma kidogo, sitawaficha. Nilitaka akatae, walau kwa adabu.

Mlangoni tulikuta watu wamejazana, na tulivyoona nyuso zao tukajua tumechelewa. Yule muuza mkaa akatunong'oneza yote: bwana harusi alitoa leso ajifute jasho mbele ya wakwe, kikatoka kifurushi, kikabingirika sakafuni mpaka kwenye kiatu cha mama mkwe.

Tukapenya ndani. Sebule ilikuwa imejaa, upande huu watu wa bwana harusi, upande ule watu wa bi harusi, na katikati kijana wa watu amesimama na koti letu, jasho linamtiririka. Koti lilimkaa vizuri mno, nikajikuta nimelisifu moyoni. Juu ya meza, kwenye kisosi, wamekiweka kidonge chetu na kile kipande cha bitana pembeni.

"Mwanangu, tunakuuliza kwa upole," mama wa bi harusi alikuwa anasema, na hapakuwa na upole wowote. "Unaumwa nini?"

"Siumwi, mama."

"Dawa ya nini basi?"

"Si yangu."

"Koti ni la nani?"

"Langu, lakini..."

"Ni ya kichwa!" shangazi mtu akadakia. "Mtoto wetu huumwa kichwa sana, tangu mdogo."

"Sijawahi kuumwa kichwa, shangazi."

"Nyamaza, nakusaidia."

Mjomba mmoja wa bi harusi akakiinua kile kipande cha bitana kwa ncha za vidole. "Na mbona kimefungwa kitambaa? Dawa ya hospitali haifungwi kitambaa. Haka kana mambo yake."

Loo! Hapo kelele zikapanda. Mmoja akasema ni ya wazimu, mwingine akasema yeye aliona toka mwanzo kijana ana macho mazito. Maandishi yote ya pakiti niliyakata kwa mkasi wangu, hata wa kusoma asingejua ni dawa gani. Mama wa bi harusi akainua mkono. "Binti yangu yuko chumbani analia. Hakuna atakayetoka hapa kwenda ukumbini mpaka tujue mtoto wetu tunampa mtu wa namna gani." Pembeni yake mkandarasi mwenyewe, mzito kwenye kiti, alikitazama tu kile kisosi.

Nikavuta pumzi, nikasogea mbele. "Samahanini wakubwa zangu. Hicho kidonge ni ch..."

Mkono ukanishika kiwiko.

"Ni changu," akasema Chuma.

Nikatazama kulia na kushoto: mashati, makoti, suruali, karibu nguo zote za wanaume waliokaa mle zilipita mikononi mwake. Yeye pia alikuwa anazitazama.

"Ni changu," akarudia. "Nina presha. Natumia vidonge kila siku. Kiliingia humo dukani kwangu. Kijana hana kosa, ni mzima kabisa, muacheni aoe."

Nilidhani dunia itapasuka. Kumbe hawakumwamini!

"Chuma?" mtu akacheka. "Chuma ana presha?"

"Fundi," mama wa bi harusi akasema, "tunakuheshimu, lakini usije kutudanganya. Wewe tunakujua. Wewe huumwi. Wamekuita uje uwaokoe."

"Hatukumwita!" shangazi akaruka. Kisha akafikiri, akaongeza: "Lakini amefanya vizuri kuja."

Mume wangu akabaki anatazama huku na huku. Miaka yote aliogopa watajua, na sasa anawaambia kwa kinywa chake, hawataki. Akapapasa kifua kana kwamba anatafuta cheti humo. "Kweli ni changu," akasema, kama mtoto anayedai mpira wake.

"Kama ni chako," mama wa bi harusi akasema, "kimeze."

Chuma akakichukua pale kwenye kisosi, akakisukuma kwa ukucha kikatoka kwenye karatasi yake, akaomba maji. Akaletewa. Akameza, watu wote wanamtazama koo.

Na mimi, mazoea yana taabu, nikamsogelea, mikono kiunoni. "Fungua," nikasema. Akafungua. "Inua ulimi." Akainua. "Shavu la kushoto. La kulia. Pumbavu, nimesema la kulia!" Nikachungulia mpaka kwenye magego. "Haya, kimeshuka."

Nilipogeuka, nikaona kwamba wote wameamini. Hakuna mtu duniani angeweza kutunga mke wa namna ile.

Mkandarasi akapasuka kicheko. Kicheko kikubwa, kiti kikalia. "Ah! Kumbe ni hiki tu!" akasema, anapiga paja. "Jamani, tunaliza mtoto kwa ajili ya hiki? Hiki hata mimi ninacho, kiko ndani ya gari toka..."

Akajisikia alichosema. Lakini neno likishatoka halirudi. Mkewe akamgeukia taratibu, shingo kwanza, kisha mwili wote.

"Kiko ndani ya gari toka lini?"

"Nilikuwa nasema tu, mke wangu."

"Kakuandikia nani? Lini? Na unakimeza saa ngapi mimi nisikuone?"

"Sijaanza bado. Kazi nyingi."

"Hujaanza!" Mama wa bi harusi akasimama. Bwana harusi, koti, kitambaa, wazimu, vyote vikasahaulika pale pale. Mtu akatumwa kwenye gari, akarudi na pakiti imepauka kwa jua. Mkandarasi akawa amesimama katikati ya sebule mahali alipokuwa bwana harusi, anatoka jasho lile lile. Mkewe akamwambia hiyo iliyoiva juani itatupwa, na kesho anamshika mkono yeye mwenyewe mpaka zahanati. Mpaka bi harusi akatoka chumbani, wanja umemmwagika, kuuliza kama harusi ipo au haipo.

Ilikuwepo. Sisi hatukukaa. Tuliteremka kile kilima, mimi nacheka peke yangu njia nzima. Nikamwuliza kwa nini hakuniacha niseme kile nilichosema nitasema.

"Uliponyanyua mguu kwenda mbele," akasema, "nikaona nimejificha nyuma ya kanga yako." Akatembea hatua kadhaa. "Na wewe huumwi. Ungeanza kuumwa kwa ajili yangu."

Nikamshika mkono barabarani, watu wakatuona.

Asubuhi yake alitia vidole kwenye suruali ya mwalimu, akakipata kidonge, akakimeza amesimama mlangoni, bilauri mkononi, mbele ya kila apitaye. Muuza mkaa akapita akamwuliza anakunywa nini. "Dawa ya presha. Wewe yako umepima lini?" Yule mtu akaongeza mwendo. Nikaona hofu imekwisha, tumepona.

Bado. Kabla ya saa ya chai akaja mteja wetu wa siku nyingi, mwenye kitambaa kizuri cha kijivu cha suti, hatujakitia hata chaki. Hakukaa. Alisimama huku anakuna shingo, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za watoto, akasifu hali ya hewa. Nikajua. Damu ikanichemka, nikashika mkasi, nina maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake.

"Nimefikiri, fundi," akasema hatimaye, "upumzike kwanza. Nitakirudisha nikiona umepata nafuu."

Chuma akanyanyuka. Akakitoa kitambaa kwenye rafu, akakikung'uta, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, akamkabidhi kwa mikono miwili. Nilimtazama usoni, nikitafuta ule unyonge niliouona kwa kaka yake. Haukuwepo.

"Hamna neno," akamwambia. "Ukirudi, utanikuta."